Kuikunjua Sauti ya Mjomba

Mjomba wangu huandika kwa herufi kubwa tupu. Tangu madaktari walipomwondoa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, simu ndiyo mdomo wake, na yeye ni mtu aliyezoea kupaza sauti. Kwa hiyo hata akitaka chumvi mezani huandika LETENI CHUMVI, kisha hutugeuzia kioo tusome, na macho yake yanasema kwamba hatanii.

Siku aliyonijia kazini, kwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta, alisimama mbele ya meza yangu, akatoa flashi mfukoni, akaifuta kwa kitambaa kilekile anachofunikia kitundu cha shingoni, akaiweka mbele yangu taratibu kama mtu anayeweka yai. Kisha akaandika: MPWA. HUMU NDANI NIKO MIMI. NITOE.

Nilijua anachosema, maana hadithi ile kwetu ni ya kila sikukuu. Zamani Mjomba alikuwa mtangazaji wa mpira kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ghala la saruji. Hakulipwa. Alipewa kipaza sauti na kiti, na watu walikuja wengine kwa ajili ya mpira, wengine kwa ajili yake. Siku za kazi aliendesha banda la gemu pamoja na rafiki yake aliyeitwa Profesa, kijana mwembamba aliyejua kuichokonoa mashine yoyote mpaka ikasema. Huyo Profesa alichukua gemu moja la mpira, akamtoa mtangazaji wake wa kigeni, akamtia Mjomba mahali pake. Watoto wa mtaa mzima walipanga foleni kucheza mechi inayotangazwa na mtu wanayemjua.

Kisha mambo yakaenda yanavyokwenda. Banda lilifungwa, Profesa akapata kazi mbali na namba yake ikaacha kupatikana, mashine zikauzwa ikabaki moja tu, ile iliyo chini ya televisheni sebuleni kwa Mjomba. Diski yenyewe ya gemu ilikuja kukutwa na ufa katikati; kwa muda mrefu kuna mtu alikuwa akiwekea kikombe cha chai juu yake, na mpaka leo wanawe Mjomba, pacha wawili, wanasukumiana lawama. Kilichosalia ni nakala ndani ya ile flashi.

Unaweza kuuliza kama hapakuwa na sauti nyingine ya Mjomba popote. Tulitafuta. Video za harusi alizosherehesha zote ziliwekewa muziki juu. Jumbe za sauti zilipotea na simu iliyodondoka chooni. Mtu aliyesema maisha yake yote hakuacha hata sentensi moja, isipokuwa hiyo ya kwenye gemu.

Na kulikuwa na Bibie. Bibie ni mjukuu wake, binti wa Pacha Mkubwa. Alizaliwa baada ya upasuaji, na wiki ile alikuwa amemweleza mwalimu wake, mbele ya watu, kwamba baba ana sauti, mama ana sauti, bibi ana sauti sana, ila babu hana sauti, ana simu.

Mjomba aliponiandikia habari hiyo alicheka bila mlio, mabega yakitikisika. Halafu akaandika tena, na safari hii hakucheka. NATAKA ANISIKIE.

"Nitajaribu, Mjomba," nikasema.

USIJARIBU. FANYA.

Akaondoka huku akimpungia mkono Waya, mwenzangu wa meza ya pili.

Waya ndiye fundi wa simu pale dukani, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, na jina lake limetokana na kutembea na nyaya shingoni kama daktari na mipira yake ya kusikilizia moyo. Mimi ameniita Kimya tangu wiki ya kwanza, kwa sababu wateja wakiniuliza swali naangalia meza. Kila asubuhi hunisalimu hivyohivyo: "Kimya kingi kina mshindo mkuu! Bado tunausubiri mshindo." Nami hucheka, nikakaa.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa urahisi. Diski ya gemu ukiinakili yote ilivyo, unapata faili moja kubwa. Faili hilo likikuzidi nafasi, unalibana: programu inalikata vipande vidogo vya ukubwa mmoja, na kila kipande inakikunja peke yake, kama shati linalokunjwa ili sanduku lifunge. Profesa alibana kila kitu, maana siku hizo nafasi ilikuwa dhahabu. Lakini mashine ya chini ya televisheni ya Mjomba ni ya zamani. Haijui kukunjua. Inataka diski ya kawaida, kila shati likiwa limeshatundikwa kambani. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kulikunjua faili, kulirudisha katika umbo la kawaida, na kulichoma kwenye diski mpya. Kazi za namna hiyo hutujia mara kwa mara. Watu wana mashine kuukuu na mapenzi makuu.

Kitu cha kwanza tulichofundishwa chuoni ni kutoifanyia kazi nakala pekee. Nikachukua yote yaliyomo kwenye flashi, nikayahifadhi kwenye kompyuta yangu. Flashi ilisoma kwa shida, ikapata joto, ikakwama mahali na kuendelea. Kisha nikaanza kukunjua.

Haikwenda vizuri. Programu ilifika katikati ikalalamika kwamba kuna vipande havikunjuki. Ilipomaliza nikalipima faili kama tunavyopima yote: kuna hesabu inayofanywa juu ya faili zima, na jibu lake linalinganishwa na lile la diski iliyotoka kiwandani. Likilingana, alama ya kijani. Lisipolingana, nyekundu. Langu lilikuwa jekundu.

"Imeoza?" Waya aliuliza, bila kuinua macho kwenye simu aliyoifumua.

"Flashi ni ya zamani."

"Ipo diski ya gemu hilohilo kwenye droo ya chini. Mteja aliiacha hajarudi. Tumia hiyo kuziba mapengo."

Hivyo ndivyo tunavyofanya. Ukiwa na diski nzima ya kiwandani, unailinganisha na faili lako kipande kwa kipande, na kila kisicholingana unakiondoa na kuweka kizima. Siku hiyo watu walikuwa wengi. Mama mmoja alikuwa anadai printa yake, mwanafunzi alikuwa analia kwa ajili ya tasnifu yake. Mkono wa fundi una mazoea, unakwenda wenyewe hata moyo ukiwa kwingine. Nikalinganisha, nikaziba, nikapima tena. Kijani! Nikaichoma diski, nikaijaribu kwenye mashine yetu ya dukani mpaka menyu ikatokea, nikazima. Kwetu, menyu ikitokea kazi imekwisha. Sauti hata hatufungulii, kwa sababu redio ya Waya haizimwi.

Jumapili nikaenda kwa Mjomba na diski ndani ya mkoba, nikiwa na furaha ya kujificha, ile inayokufanya utembee upesi bila sababu.

Nyumba ilikuwa imejaa. Pacha wote wawili walikuwepo. Mama Pacha, mke wa Mjomba, alikuwa ameondoa maua ya plastiki juu ya televisheni, jambo ambalo halitokei hata wageni wakubwa wakija. Bibie alikuwa amevaa gauni la kutokea, amekaa katikati ya kochi, miguu haijafika chini.

"Leo utamsikia Babu," Pacha Mkubwa alimwambia.

"Atasema nini?"

"Atasema mengi. Tangu lini Babu akasema machache?"

Mjomba alikaa kitini ameinamia mbele, mikono katikati ya magoti. Niliona amenyoa ndevu.

Diski ikazunguka, menyu ikaja, pacha wakachagua timu zao huku wakisukumana. Wachezaji wakaingia uwanjani. Mpira ukaanzishwa. Na kutoka kwenye spika ikatoka sauti tulivu ya mwanamume, ya kigeni, yenye adabu, ikisema mambo ambayo hakuna mtu chumbani aliyeyaelewa.

Pacha waliendelea kucheza kidogo, kama mtu anavyoendelea kutembea baada ya kusikia ameitwa na hana hakika.

"Huyu ndiye Babu?" Bibie aliuliza. "Mbona anaongea kigeni?"

Mjomba akachukua simu. Akaandika, akatugeuzia kioo. HUYU NILIMFUKUZA KAZI ZAMANI.

Tulicheka, jamani. Tulicheka sana kuliko kichekesho chenyewe, ili pasiwe na nafasi ya kitu kingine. Lakini mimi nilikuwa namtazama. Alichukua rimoti, akapunguza sauti polepole mpaka ikaisha, kwa upole, kama mtu anayemfungia mlango mgeni bila kutaka kumvunjia heshima. Kisha akatoka nje kwenda kuangalia tangi la maji ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Usijali, mwanangu," Mama Pacha aliniambia jikoni, akinipa sahani nizifute. "Umefanya uwezalo. Na ukilia kwenye sahani zangu nitakufanya uzioshe upya."

Jioni nilipofika kwangu nilikuta ujumbe wa Mjomba. "asante mpwa, inatosha." Herufi zote ndogo. Kwa mara ya kwanza tangu apewe ile simu, Mjomba alikuwa amenong'ona. Nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikausoma mara nyingi kuliko ulivyostahili ujumbe wa maneno matatu.

Asubuhi sikungoja Waya anisalimu.

"Nimemfuta," nikasema.

Akazima redio. Sikujua kama ile redio ina kitufe cha kuzimia. "Umemfuta nani?"

"Mjomba. Faili lilikuwa jekundu kwa sababu yeye yumo. Kiwandani hawakumweka Mjomba, Profesa ndiye aliyemweka. Kila alipokuwepo yeye, hesabu haikulingana, na mimi nikaondoa kila kisicholingana. Nimeziba mpaka pakawa kijani."

Waya alijikuna kidevu kwa bisibisi. "Yaani umemrudisha mzee wa watu kiwandani."

"Ndiyo."

"Na nakala ya kwanza?"

"Ninayo."

"Basi unalia nini? Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Ikunjue tena, achana na kijani."

"Kuna vipande vimeoza kweli," nikasema. "Nikiviacha, mashine itakwama. Nikiviziba vyote nitamfuta tena. Kwenye orodha ya tofauti, vilivyooza na vya Mjomba vimechanganyika, na vyote vina rangi moja."

Waya akafikiri, akakiri kwamba hilo limemzidi, akawasha redio.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikiangalia rangi nyekundu zile, mistari na mistari, na nikajilazimisha kufanya kile ambacho siku ya kwanza sikukifanya: kufikiri kuhusu mtu aliyevikunja vile vipande. Profesa alipomtia Mjomba ndani, faili lilikuwa bado zima. Alibana baadaye. Kwa hiyo mashati ya Mjomba yalikunjwa vizuri sawasawa na mengine yote, kwa mkono uleule. Kuoza kulikuja mwisho kabisa, ndani ya flashi, baada ya kila kitu kukunjwa.

Basi kipande kilichooza hakikunjuki. Kinakatika mikononi. Lakini kipande cha Mjomba kinakunjuka kizima kabisa, tatizo lake ni moja tu, kwamba kinasema jambo ambalo kiwandani hawakulisema.

Niliinuka kitini. Sidhani niliwahi kuinuka kitini pale dukani bila kutumwa.

"Waya! Siulizi tena kipi kinafanana na cha kiwandani. Nauliza kipi kinakunjuka!"

"Mshindo huo!" Waya akasema, akapiga meza. Mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma hatua moja.

Niliandika programu fupi ya kuvipitia vipande kimoja kimoja. Kinachokunjuka kinabaki, hata kama hakifanani na chochote duniani. Kisichokunjuka ndicho pekee kinachopewa mbadala kutoka kwenye diski ya droo ya chini. Vilivyooza havikuwa vingi, ila baadhi vilikuwa vimekaa pamoja, tena katikati ya eneo la sauti. Hapo sikuwa na la kufanya. Mahali hapo yule mgeni angebaki na kazi yake.

Nilipolipima faili likawa jekundu, na safari hii nikalipenda jekundu lake.

Nikachoma diski. Nikavaa vipokea sauti, nikaiweka kwenye mashine ya dukani, nikaanzisha mechi. Nilisikia neno moja tu, "Haloo." Nikazima.

"We! Acha tusikie!" Waya alikuwa ameshavuta kiti.

"Hapana. Mjukuu wake kwanza."

Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa na kuku. Kisha akarudisha kiti mahali pake. "Haya, bosi," akasema.

Jumapili iliyofuata sikumwambia mtu naenda na nini. Nilisema nakuja kusalimia. Maua ya plastiki yalikuwa yamerudi juu ya televisheni. Mjomba alikuwa anasoma gazeti la juzi, Mama Pacha yuko jikoni, pacha wanabishana kuhusu betri ya gari. Bibie alikuwa sakafuni akimchana nywele mwanasesere asiye na nywele.

"Nipisheni kidogo," nikasema, nikapiga magoti mbele ya mashine. Kwa haraka yangu nikaiweka diski kichwa chini, nikaitoa, nikaigeuza.

Mjomba aliona. Alishusha gazeti, akanitikisia kichwa taratibu: acha, mpwa. Sikumwangalia tena. Niliwapa pacha pedi zao za kuchezea.

"Chezeni."

"Tucheze nini, huyo bwana mwenye adabu?" Pacha Mdogo akauliza.

"Chezeni tu, jamani, nawaomba."

Wachezaji wakaingia uwanjani. Refa akapuliza.

"Haloo haloo! Mabibi na mabwana, na nyie mliopanda ukutani bila kiingilio, nimewaona! Karibuni!"

Ilikuwa kubwa, nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama gunia linaloburutwa juu ya saruji. Nilikuwa nimesahau ule mkwaruzo. Pacha Mkubwa aliacha vidole juu ya pedi bila kubonyeza, mchezaji wake akanyang'anywa mpira.

"Lo! Huyu amesimama, anangoja basi?" Mjomba akasema kutoka kwenye spika.

"Ananisema mimi!" Pacha Mkubwa akapiga kelele. "Baba ananisema mimi!"

Bibie alikuwa ameinuka. Alitazama televisheni, kisha akamtazama Mjomba mdomoni, kisha televisheni tena. Akaenda mpaka kwenye kiti, akapanda mapajani kwake.

"Babu, ni wewe?"

Mjomba akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa hivi?"

Akamwonyesha kwa mkono nyuma ya bega: zamani, zamani sana. Bibie akamwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo, kama anayetaka kuhakikisha kwamba haitokei huko. Kifua kilikuwa kinatikisika kwa kicheko.

Tuligundua mapema kwamba Mjomba hasemi bila sababu. Ili umsikie, lazima kitu kitokee uwanjani. Ukitaka maneno yake ya kona, pata kona. ("Kona! Kona yenye giza kama ile ya mtaani kwetu, angalieni msikanyage mtu!") Ukitaka ya shuti lililopaa, paisha. ("Mpira umekwenda kusalimia nyumba ya tatu, wakiukuta waurudishe!") Pacha Mdogo akaanza kukata watu miguu makusudi.

"Refa! Refa ameona au amesinzia? Mnyimeni mto!"

"Mwangushe tena," Bibie akaamuru.

"Nitapewa kadi nyekundu."

"Kadi nyekundu Babu anasemaje?"

"Hilo nalo swali," Pacha Mdogo akasema, akamwangusha mtu mwingine.

Palipokuwa pameoza tulipasikia pia. Mshambuliaji mmoja alikuwa anakimbia pembeni, na Mjomba yuko naye: "Anapiga chenga, anapiga ya pili, huyu kijana kala nini, ana..." Hapo ghafla yule mgeni mwenye adabu akaingia na maneno yake mawili matatu ya utulivu, akatoka, na Mjomba akamalizia: "...moto wa kuotea mbali!"

Pacha Mkubwa akaanguka kwenye zulia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Samahani, Mjomba," nikasema. "Hapo sikuweza kukuokoa. Ilibidi nikuazimie yeye."

Mjomba alifuta macho, akaandika. MWAMBIENI ABAKI. ANAFANYA KAZI NZURI.

Goli lilipopatikana lilitangazwa kwa pumzi ndefu hivi kwamba Bibie alijaribu kwenda nayo sambamba, akaishiwa njiani, akakohoa. "Goooooli! Wavu unalia, kipa analia, na mama yake kipa huko nyumbani presha imepanda!" Jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Alipoambiwa, akaja na kiti chake.

Kisha Bibie akadai pedi. Baba yake alimwekea vidole mahali panapotakiwa, akamwonyesha mchezaji wake, mwenye alama kichwani. Hakumwambia aelekee wapi, na hakuna aliyekumbuka kwamba jambo hilo huelezwa. Bibie akachukua mpira, akageuka, akaanza safari ya kwenda golini kwake mwenyewe. Alikwenda kwa bidii sana, ulimi nje. Mjomba akamshika bega kumgeuza, lakini mjukuu alikuwa ameshashika njia. Kipa alitoka kumlaki kama anayepokea mgeni, akapitwa. Mpira ukaingia taratibu.

"Jamani, jamani, huyu ndugu yetu amejifu..."

Sauti ikakatika. Nilidhani ni kipande kingine kilichonishinda. Lakini ulisikika mlango ukilia, na sauti ya mwanamke kwa mbali: "Baba Pacha, chakula kinapoa."

Na Mjomba akajibu. Siyo kwa ile ya kiwanjani. Alijibu kwa sauti ya chini, ya ndani ya nyumba, bila mkwaruzo wowote. "Nakuja, mama. Kaa kabisa, usinisubiri umesimama. Nakuja."

Kikafuata kicheko cha kijana wa kiume, nadhani ndiye Profesa, na mtangazaji akarudi na kelele zake: "Amejifunga! Mpeni ramani!"

Profesa aliyaacha yale makusudi, hakuna namna nyingine. Mjomba alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, masikio yamemwiva. Pacha walitazamana, tayari kumcheka baba yao kwa mwaka mzima, halafu wakaangalia mlango wa jikoni.

Mama Pacha alikuwa amesimama hapo na sinia la vikombe. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Sauti ya kiwanjani alikuwa ameisikilizia jikoni, nilimsikia akiicheka kupitia ukuta huku akiendelea kumenya. Sasa hakuwa anacheka. Aliliweka sinia juu ya gazeti la Mjomba, akakaa kwenye mkono wa kiti chake.

"Rudieni," akasema.

"Hairudiwi, mama," Pacha Mkubwa akasema kwa upole. "Mpaka mtu ajifunge tena."

"Basi mjifunge."

Wakajifunga. Tuliisikia tena, mlango, chakula kinapoa, nakuja, mama. Akasema warudie. Pacha Mdogo naye akaanza kujifunga kwa upande wake, ikawa mechi ya timu mbili zinazokimbizana kwenda kufungwa. Jirani mwenye kiti, ambaye hakujua habari yote, alishika kiuno akasema maishani mwake hajaona watu wazima wanaocheza vibaya namna hii.

Mama Pacha hakuwahi kuishika ile mashine. Kwa miaka yote ya banda la gemu aliiita kazi ya wasio na kazi. Baada ya muda akamnyang'anya Bibie pedi, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mfuniko.

"Nionyesheni pa kubonyeza," akasema.

Mjomba akakichukua kidole gumba cha mkewe, akakiweka juu ya kitufe, akakiwekea chake juu. Mchezaji wao akageuka, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani kwao, na kipa maskini akafungua mikono.